Mbiu ya Hondohondo

Enzi wanyama walipokuwa na mpiga mbiu mmoja, Hondohondo, Mama Pimbi alimjia akilia.

"Ndugu Hondohondo, chemchemi ya juu ina sumu. Watoto wangu sita wamekufa, nimebakiwa na mmoja. Tangaza!"

"Pimbi kufa nayo ni habari, mama? Leo natangaza ukucha wa mwana wa Simba uliovunjika."

Mama Pimbi akazunguka kuwaonya wanyama mwenyewe. Kila mmoja alimjibu, "Mbona Hondohondo hajasema?"

Siku ya tatu mwana wa Simba alikunywa maji yale, akafa. Hondohondo akapaza sauti: "Msiba! Pimbi walijua kuna sumu, wakanyamaza!"

Safari hii wote walisikia. Mama Pimbi akambeba mwanawe, akakimbilia kwenye mwanya wa mwamba, na hadi leo pimbi hawajatoka humo.