Kigogota na Uvimbe wa Wanyama

Kigogota aligonga mti kutangaza habari, nao wanyama wakatega sikio shinani. Baadhi yao walipoota uvimbe kichwani, Nungunungu, mkuu wao mwenye pupa, aliwahoji wagonjwa. Wote wakaapa kwamba walisikiliza kutwa, tena kwa sikio la upande uliovimba.

"Basi kugonga kwake ndiko kunakowavimbisha. Kigogota ahame!" akaamuru Nungunungu.

Kigogota akayatazama mayai yake, akalia.

Kakakuona mpole akauliza, "Na wazima, bwana, umewauliza?"

Hakuwa amewauliza. Walipoulizwa, walikiri kusikiliza kutwa vilevile. Hata Ngiri mgonjwa akasema kwa haya, "Kumbe mimi hutega sikio la kushoto. Uvimbe wa kulia ndio ulionipoteza, nikadhani nilitega la kulia."

Nungunungu akaomba radhi, akaanza uchunguzi upya. Kigogota akamshukia Kakakuona, akainamisha kichwa.

"Ahsante, ndugu yangu. Wanangu wataanguliwa nyumbani kwao."