Upawa wa Harira

Uvumi ulimganda Zhor tangu adhuhuri: bintiye kaonekana bombani akinywa maji, Ramadhani mchana kweupe.

"Mroho wewe!" alifoka jikoni. "Kiu tu imekushinda? Unanivua nguo mbele ya majirani!"

"Mama, nisikilize kwanza..."

Upawa aliokuwa akikorogea harira ukatua mkononi mwa msichana. Supu ya moto ikamchuruzika hadi kiwikoni, dengu zikanata kwenye ngozi iliyoanza kuiva.

"Nimeingia hedhini leo, Mama. Ndiyo mara ya kwanza. Niliona haya kukwambia."

Magharibi ikaadhiniwa. Zhor akashika tende, akajiona hana funga ya kufungua.

Akina mama, mkiwa na swaumu: msimeze maneno ya jirani, msitukane, msiinue mkono mkasingizia njaa.