Kila Mtu na Mdomo Wake

Komeo la mlango lililia gizani, taratibu, kama limeshikwa na mtu asiyetaka kusikika.

Nilimkuta wifi yangu Marselina kizingitini, miguu mitupu, uso ameuelekeza ziwani.

Mchana, tukianika usipa, dagaa wa ziwani, kaka yake alimwambia mbele ya watu, "Umeachika, umerudi kutubana. Si ufe tu, tupumue?" Watu wakacheka. Nilipomkemea akanijibu, "Shemeji, huu ni wakati wa vyama vingi. Kila mtu na mdomo wake."

Kumbe wifi aliyachukua moyoni maneno yale.

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, magamba ya usipa yamekaukia vidoleni.

Nyuma yetu mwanangu alikuwa ameamka.

"Shangazi," akasema, "mimi sikusema ufe."