Nungunungu Apima Jiko

Bi Nungunungu, mbishi asiyeambilika, aliapa kulitengeneza upya jiko lake hadi kila chungu kipate rafu yake. Alipima vyungu, akapima vikaango, hata upawa akaupima.

"Mama, hebu geuka kwanza hapo katikati," alisema Fuko, fundi wake.

"Wewe pigilia rafu! Jiko langu nalijua mwenyewe."

Rafu zikajaa kuta zote. Siku ya wageni, pilau ikaanza kuungua. Bi Nungunungu akashtuka, miiba ikamsimama, akageuka. Vyungu vyote vikaenda chini, vipande vipande.

Alivitazama vigae, kisha akamwita Fuko.

"Bomoa, tuanze upya. Safari hii unipime mimi kwanza. Tena unipime sasa hivi, nikiwa nimekasirika."