Daftari la Fundi Shomari

Siku hizi kitabu kisiposomwa wiki nzima, maandishi yake hufutika. Ndiyo maana kila Jumamosi asubuhi naliendea kabati la vitabu la mtaa wetu, napangusa vumbi, kisha nasoma kwa sauti ukurasa mmoja wa kila kitabu. Majirani kuchukua vya bure wanajua, kusoma hawasomi!

Leo nimechanganyikiwa. Daftari la vipimo la marehemu mume wangu, Fundi Shomari, nililificha nyuma ya kamusi mwaka jana, baada ya matanga, nisilione tena. Nimelifungua, wino bado mweusi tii. Nani anasoma mabega na viuno vya watu?

Nikamgeukia binti yangu Rukia, aliyekuwa akifuta rafu. "Nani huyo mwenye kiherehere cha kulichokonoa daftari la baba yako?"

Akaweka kitambaa chini. "Ni wewe, mama. Unakuja kulisoma kila alfajiri."

"Mimi? Acha mzaha! Sijaligusa tangu matanga."

"Jana nilikufuata, mama. Na juzi."

Nilitaka kumfokea kwa jina lake. Nikalitafuta, nikalikosa, na sasa hivi tu nilikuwa nalo mdomoni.

Akanikalisha kwenye ngazi, akafungua ukurasa wa kwanza.

"Mwanahawa," akasoma jina langu. "Bega, kumi na tano. Mkono, ishirini na mbili."

Alisoma kwa sauti, taratibu, vile ninavyovisoma vitabu ambavyo maandishi yake yameanza kupauka.