Jicho la Mkiani

Yalitokea, na bahari ndiyo shahidi. Kitatange na mkewe waliishi kwenye matumbawe, na ada ya samaki wa kabila lao ilikuwa moja: mmoja akiingiza kichwa mwambani kula, mwenziwe hubaki nje akilinda.

Kitatange alikuwa na doa jeusi karibu na mkia, la mviringo kama jicho. Kaa, bingwa wa kusifu, akamwambia, "Bwana mkubwa, una jicho hata nyuma! Nani atakuvizia wewe?" Kitatange akavimba kichwa.

Siku moja ilikuwa zamu ya mkewe kula. Kitatange naye akainama kwenye ufa wa pili.

"Mume wangu, nani anaangalia nyuma?"

"Wewe kula. Jicho langu la mkiani halilali."

"Hilo si jicho, baba watoto. Ni rangi tu."

"Wivu huo!" Kitatange akacheka, akazamisha kichwa. Mkewe alikuwa na njaa, naye akazamisha chake.

Kitatange alipoinuka, Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, alikuwa anamalizia kummeza mkewe.

"Hukuliona jicho langu?" Kitatange akalia.

"Nililiona, nikaogopa," Mkunga akajibu. "Kisha nikasogea kushoto, halikunifuata. Nikasogea kulia, halikunifuata. Nikajua hapa hakuna mlinzi."

Tangu hapo hakuna jike aliyekubali kuinamisha kichwa kando ya Kitatange. Naye hula peke yake, tonge moja na kugeuka kuangalia nyuma, tonge moja na kugeuka, na njaa haimtoki.