Kivinjari cha Nyumba

Sheria ilikuwa nyumba moja, kivinjari kimoja. Wawili wakioana walichagua cha nani kibaki. Kingine kilifungwa pamoja na kumbukumbu zake zote.

"Tubaki na chako, mke wangu," Badru alisema wiki ile ya harusi. Akakifunga chake mwenyewe, akapitisha kiganja juu ya kioo cha kompyuta kama anayemfumba maiti macho. Mapishi ya marehemu mama yake yalikuwa humo.

Cha Zamda kilimjua Zamda tangu yuko chekechea.

Ijumaa Badru alirudi na pweza kutoka sokoni, akaketi kwenye kompyuta kutafuta namna ya kumpika kwa nazi. Kivinjari kikamjibu kwa adabu: "Shemeji, nyumba hii hatuli pweza."

Badru alicheka, lakini Zamda aliona alivyonywea, akamhurumia. Kweli, utotoni pweza alimtapisha Zamda siku moja. Yeye mwenyewe alishasahau.

"Nipishe, mume wangu, nikiulize mimi."

Akaandika: Nataka kupika pweza.

Maneno yakatokea kiooni polepole, wote wawili wakiyatazama: "Zamda, amekulazimisha?"